Kisima Kilichimbwa na Nani? Uhakiki wa Onyesho la Bure Kwenye Makumbusho

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kitu kisicholipiwa ni cha bure, na kazi isiyo na faida ni kazi bure. Ukiambiwa fulani amekwenda bure, inakubidi uulize: hakulipa nauli, au hakukipata alichokifuata? Katika makala haya nakusudia kuhakiki onyesho moja la ngano pamoja na warsha iliyolifuata, vyote vya bure, vilivyoandaliwa kwa ajili ya familia kwenye jumba moja la makumbusho mjini wakati wa likizo ya Juni. Jina la jumba sitalitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza si la nyumba moja. Nauliza tu: onyesho hili lilikuwa la bure kwa maana ile ya kwanza, au na ya pili vilevile?

Najua wako watakaosema, ebo! Uhakiki na michezo ya watoto wapi na wapi? Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki kitabu: tunachambua wahusika, tunataja migogoro, tunatoa kasoro mbili tatu za mtunzi, tunafunga daftari. Lakini Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka kwenye Mulika mwaka 1989, alitufundisha kuiona fasihi simulizi kama tukio. Ndani ya tukio hilo mna fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati, na vyote hivyo hutegemeana. Kabla yake, mwaka 1976, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho waliwahesabu watazamaji miongoni mwa mambo ambayo bila hayo sanaa ya maonyesho haipo. Tunayakariri haya kwa ajili ya mtihani, halafu tukiingia ukumbini tunamtazama fanani peke yake. Mimi safari hii niliamua kuitazama hadhira. Tena hadhira yenyewe nilikwenda nayo kutoka nyumbani: mama yangu mzazi, mzaliwa wa Handeni, na mpwa wangu wa kike mwenye umri wa miaka minane.

Ukumbi ulikuwa umepangwa viti vya plastiki kwa safu, kama kwenye mahafali. Mbele kulikuwa na jukwaa na kipaza sauti. Kando ya ukuta, ndani ya makabati ya vioo, zilikaa ngoma za zamani, vigoda na vibuyu, kila kimoja na kikaratasi chake. Ngano iliyoigizwa ilikuwa ile ya Sungura na kisima, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa namna moja au nyingine. Mvua imekatika, mito imekauka, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kuchimba. Maji yanapatikana, Sungura anakatazwa kunywa, naye anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, anakunywa na kuoga juu yake. Mwishowe Kobe anajipaka ulimbo mgongoni, anajilaza kisimani kama jiwe, na Sungura ananasa.

Kwa upande wa fani, nitawatendea haki wasanii. Aliyeigiza Kobe alikuwa na subira ya ajabu. Alijilaza pale chini bila kutikisika hata kidogo, mpaka watoto wa mbele wakaanza kunong'onezana kama amelala kweli. Wapiga ngoma nao walijua kunyamaza, jambo ambalo wapiga ngoma wengi wa majukwaani hawalijui. Mavazi yalikuwa ya magunia na majani makavu, hayakutaka makuu. Kama uhakiki ungekuwa wa jukwaa tu, ningeandika kwamba onyesho lilifana, nikaishia hapo.

Lakini hadhira je? Msimulizi alipofungua kwa "Paukwa!", mama yangu alijibu "Pakawa!" kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibu. Hapo hapakuwa na tatizo, watu walicheka vizuri. Tatizo lilikuja mbele. Kila msimulizi alipoweka nukta, mama aliitikia "Enhe!" Sungura alipomdanganya Fisi, mama akasema, "Ndivyo alivyo huyo!" Mara akaja kijana mmoja wa ukumbini, akainama kwa heshima zote: "Shikamoo Bibi. Samahani, tunaomba utulivu ili wenzako wasikie." Mama akaitikia "Marahaba," akajifunika kanga vizuri, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, kijana yule hakuwa na ubaya. Alikuwa amefundishwa adabu ya ukumbi wa tamthiliya, ambako mtu mstaarabu hukaa gizani na kupiga makofi wakati wa makofi. Alichonyamazisha bila kujua ni nusu ya ngano. "Enhe" si kelele. Ndiyo inayomwambia fanani aendelee, apunguze, arudie. Ukiitoa, fanani anabaki anasema na kipaza sauti, na kweli ndivyo ilivyokuwa: kuanzia pale msimulizi alikimbia, maana hapakuwa na mtu wa kumshika.

Athari yake ilijitokeza kwenye maudhui. Ngano ilipokwisha, msimulizi aliuliza, "Watoto, tumejifunza nini?" Watoto wakajibu kwa pamoja, kishule-shule, "Tusiwe wavivuuu!" Makofi. Huu ndio ugonjwa wa maonyesho yetu mengi ya watoto: ujumbe unatolewa mwishoni kama soda baada ya sherehe, kila mtoto chupa moja, zote ladha moja. Ngano hii ni ya uvivu tu? Mbona basi walioisimulia vizazi na vizazi walimpa Sungura akili kuliko wote, wakatufanya tucheke kila anapofaulu?

Warsha ilifanyika nje, chini ya mwembe, kwenye mikeka. Katika ratiba iliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama kitu cha kuwashughulisha watoto wakati wazazi wanaaga. Kiongozi wake alikuwa dada mmoja kijana. Watoto walikata maboksi na kutengeneza vinyago vya wanyama, kisha wakaambiwa waigize ile ngano wenyewe. Walipofika mahali pa Kobe wakakwama, maana pale pana wimbo. Dada akasema bila kuficha, "Sisi wimbo wake tuliuruka, hakuna aliyeujua. Kuna anayeujua?"

Mama akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Yule dada alifanya jambo ambalo kwangu lilikuwa tendo la kisanaa kuliko yote ya siku ile. Alisimama, akampisha mama kwenye kigoda chake, yeye akaketi mkekani pamoja na watoto. Mama hakuimba mara moja. Aliuliza kwanza, "Nani ataniitikia? Mimi sisimulii ukuta." Akawafundisha watoto "Enhe", akawafundisha kiitikio kwa Kizigua, ndipo akaanza ngano upya tangu ukame. Wazazi waliokuwa wameanza kuaga wakarudi. Baba mmoja aliyeshika funguo za gari akazitia mfukoni, akachuchumaa.

Alipofika pale Sungura aliponasa, mama akakata. "Haya, tumempata. Tumfanye nini?"

"Achapwe!" akasema mtoto mmoja wa kiume.

"Lakini ana kiu," akasema mpwa wangu.

"Si alikataa kuchimba?"

"Na watoto wake je? Wao hawakukataa."

Hapo pakawa kimya. Watoto hawa ni wa mjini, wanajua ndoo ya maji inauzwa bei gani mtaani kwao. Wakabishana: anywe lakini achimbe kingine, anywe lakini asioge, watoto wake wapewe yeye asipewe. Mama hakuhukumu. Alisema tu, "Mkalale nalo," akainuka.

Tulinganishe basi. Ngano ni ile ile, siku ni ile ile, hadhira karibu ni ile ile. Ukumbini ilitoa methali moja ya ukutani. Mwembeni ilitoa mgogoro halisi: aliyekataa kuchangia ana haki gani katika mali ya wote, na kosa la mzazi limfuate mtoto mpaka wapi? Hayo ni maswali ya siasa, ya sheria, ya nyumbani. Nani aliyaleta? Si mwandishi wala mwongozaji. Yaliletwa na hadhira iliyopewa mdomo.

Makumbusho ya duniani yamekwisha kuligundua tatizo hili la vitu kukaa kimya. Taasisi ya Smithsonian ya Washington, Marekani, ilianzisha mwaka 1967 tamasha la utamaduni wa jadi linalofanyika majira yao ya joto kwenye uwanja wa wazi, bila kiingilio. S. Dillon Ripley, aliyekuwa mkuu wa taasisi wakati huo, alitaka ala za muziki zitolewe kwenye makabati ya vioo, zisikike zikipigwa. Mwaka 2014 Kenya na China ndizo zilizoalikwa, na mafundi na wanamuziki wakafanya kazi zao mbele ya umma. Ni jambo zuri. Hata hivyo pale mgeni anatazama mali ya mgeni mwenzake. Kwetu hali ni nyingine: anayeletwa kutazama ndiye mwenye mali. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kililiona hilo katika miaka ya 1990 kilipoanzisha siku za utamaduni ambapo jamii husika huja yenyewe na ngoma zake, vyakula vyake na wasemaji wake. Hapo mwenye mali anasimama upande wa fanani. Kinachobaki ni kumwachia mlango wazi mwenye mali aliyekaa upande wa watazamaji, yule aliyekuja na wajukuu na kanga yake, ambaye jina lake halimo kwenye ratiba.

Tukiwa kwenye daladala mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, tulilipa shilingi ngapi?"

"Hatukulipa. Ilikuwa bure."

"Na Bibi kalipwa?"

"Hapana."

"Kha! Sasa mbona kafanya kazi?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata mpaka chumbani. Tunapoandika "bure" kwenye tangazo tunajiona wakarimu. Tunaifanya familia inayoingia kuwa Sungura: haikuchimba, basi inywe kwa adabu na isipige kelele kisimani. Jamani, kisima hicho kilichimbwa na nani? Ngano ile haikutungwa na makumbusho wala na kikundi cha sanaa, wala na Idara yetu. Waliichimba akina bibi, jioni baada ya jioni, bila mshahara wala cheti, na anayenyamazishwa kwenye kiti cha plastiki ndiye mmoja wa wachimbaji. Kutomtoza kiingilio si hisani, ni haki yake. Na haki yake haiishii mlangoni.

Sisemi kumbi zifungwe au wasanii wasilipwe. Wasanii walipwe, tena vizuri, na yule Kobe aongezewe. Ninachosema ni kwamba onyesho la namna hii lipimwe kwa kipimo chake. Tusiulize tu walikuja wangapi na walipiga makofi kiasi gani. Tuulize: nani aliitikia? Nani alikatiza? Ni kitu gani kilisemwa ambacho mwongozaji hakukijua asubuhi alipoamka? Kwa kipimo hicho, sehemu ya ukumbini, pamoja na ufundi wake wote, ilikaribia kuwa bure kwa ile maana ya pili. Sehemu ya mwembeni haikuwa bure hata kidogo.

Mapendekezo yangu kwa waandaaji wa likizo ijayo ni mepesi na hayahitaji mfadhili. Viti vipangwe duara. Warsha itangulie, onyesho lifuate, ili wasanii wapate nyimbo walizoziruka. Kigoda kimoja kiachwe wazi mbele, kwa yeyote anayeujua wimbo. Na kijana wa ukumbini aambiwe mapema kwamba bibi akisema "Enhe", asimwendee.