Jina na Uso: Simba wa Kuchorwa na Simba wa Kompyuta

Filamu ya katuni The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff mwaka 1994, ilitengenezwa upya na Jon Favreau mwaka 2019 kwa picha zinazoiga uhalisi wa nyika. Toleo hili la pili huhesabiwa miongoni mwa filamu ambazo kampuni ya Disney imeacha michoro na kutumia viumbe hai, ingawa hamna simba hai hata mmoja ndani yake. Isipokuwa picha moja ya macheo mwanzoni, kila kitu kimeundwa kwa kompyuta. Mengi yamesemwa juu ya gharama na ustadi wa mitambo. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hata hivyo, suala kubwa ni uhusiano wa jina na uso.

Mtazamaji wa Kindu anayeitazama filamu hii kwa tafsiri ya Kifaransa hukutana humo na maneno machache ya lugha yake: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Kwake maneno haya si milio mitamu ya kigeni. Simba ni mnyama, na katika mji huo ni zaidi ya mnyama: Julai 1964 waasi walioitwa Simba waliiteka Kindu, wakaishika hadi Novemba. Ili neno lenye mzigo kama huo likubalike kuwa jina la mtoto anayemlilia baba yake, hapana budi msanii alipatie umbo jipya. Mchoro wa 1994 ulifanya hivyo. Nyusi, macho na midomo ya mwanasimba yule ni ya mtoto wa binadamu. Tashihisi imekamilika, na nomino ya jumla imekuwa jina la nafsi moja. Hivyo ndivyo zifanyavyo ngano, ambamo Sungura na Fisi huitwa kwa jina la aina yao na hakuna anayeuliza ni sungura yupi.

Katika toleo la 2019, Mufasa anapolala maiti bondeni, mwanawe analia kwa sauti yenye uchungu wa kweli, lakini uso ni wa mnyama wa filamu za elimu ya wanyamapori: taya linacheza, mengine yametulia. Sauti imekwenda upande wake na uso upande wake. Simba amerudi kuwa simba tu, na jina lake ni kama kibao kilichotundikwa kwenye tundu la bustani ya wanyama. Pumbaa naye amepata hasara ileile. Jina lake ni kitenzi, na mchoraji alikitafsiri kwa macho yaliyozubaa na mdomo ulio wazi. Ngiri wa kompyuta, aliyenakiliwa unywele kwa unywele, hana dalili yoyote ya kupumbaa.

Haki itendeke kwa Favreau upande wa fisi. Shenzi, kwa sauti ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, si mchekeshaji tena bali ni kiongozi wa kuogofya, na tusi walilotumia walowezi dhidi ya Mwafrika limevaliwa na mwenye mamlaka. Hapa meno ya kweli yanasaidia. Wenzake wawili wa 1994, Banzai (neno la Kijapani!) na Ed, mahali pao pameshikwa na Kamari na Azizi. Maneno ni ya Kiswahili, lakini fisi anayeitwa mchezo wa bahati na mwingine anayeitwa mpenzi hawana chochote usoni wala katika matendo kinachoeleza majina hayo.

Huenda ikadaiwa kwamba Mwafrika angependa kumwona mnyama wa kwao kama alivyo. Sanaa ya Maniema yenyewe haiungi mkono dai hilo. Vinyago vidogo vya wanyama vinavyotumiwa na Walega wa Pangi katika chama cha Bwami mara nyingi havionyeshi wazi ni mnyama gani: miguu minne, mgongo, kichwa, basi. Maana huja pamoja na methali, wimbo na ngoma wakati wa kuingizwa chamani. Mchongaji ameacha nafasi, na neno linaijaza. Kinyago kilichonakili kila unywele kisingekuwa na nafasi hiyo.

Mwaka 2024 Barry Jenkins aliongoza Mufasa, na nyuso zikaanza kusogea zaidi. Humo Scar anajulikana kwanza kwa jina la Taka, chaguo lililo bora kuliko Kamari na Azizi, kwani kijana huyo anataka asichopewa, na mwishowe anatupwa kama taka. Kisha anapata alama usoni, na kwa mara moja jina na uso vinakutana. Lakini papo hapo jina la Kiswahili linaachwa na neno la Kiingereza linashika nafasi yake, ilhali kovu lilikuwapo tayari: katika filamu ya katuni ya 1998, The Lion King II: Simba's Pride, mrithi aliyechaguliwa na Scar anaitwa Kovu.