Sauti Inayotunza Siri

Filamu ya kisasi haina fumbo kubwa. Tangu mwanzo mtazamaji wa Makorora, hapa Tanga, aliyebanana na wenzake kwenye benchi la kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, anajua nani kadhulumiwa, nani atalipa, na kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Kinachobaki ni kungoja, na kungoja huko ndiko kunakotaka fundi. Wanaozisifu picha hizi huwataja waigizaji, nao hawakosei. Ila yupo mmoja ambaye jina lake haliandikwi na wenye filamu: mtafsiri, yule anayepunguza sauti ya picha na kuweka Kiswahili chake juu yake. Ni kazi iliyompa umaarufu Derek Mukandala, yaani Lufufu, hapa Tanzania, na DJ Afro upande wa Kenya. Mimi nasema huyu ni mwigizaji kamili, na ufundi wake hupimwa kwa anachokizuia zaidi ya anachokisema.

Chukua Sholay, picha ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, inayokwenda zaidi ya saa tatu. Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, anawakodi wahuni wawili, Jai na Veeru, wamletee jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Wahuni hao ni Amitabh Bachchan na Dharmendra. Hema Malini anaendesha gari la farasi na mdomo haufungi. Jaya Bhaduri ni mjane asiyesema karibu neno. Lakini mzigo wa kisasi kaubeba Sanjeev Kumar, ambaye ndiye Thakur, na muda mwingi kajifunika shali mabegani. Siku ya sikukuu ya Holi majambazi wanavamia kijiji. Jai na Veeru wamebanwa, bunduki iko chini karibu na miguu ya Thakur, naye hainami kuiokota. Vijana wanamjia juu, wanataka kuondoka zao. Ndipo anapowasimulia: Gabbar aliua familia yake, kisha akamkata yeye mikono yote miwili. Upepo unaichukua shali, na mikono ya shati inaning'inia mitupu. Sasa, mtafsiri ameshaiona picha hii, anayajua yote toka mwanzo. Akiropoka mapema kwamba mzee hana mikono, kaua kazi ya Sanjeev Kumar na ya waandishi Salim na Javed kwa sentensi moja. Aliye fundi atawaacha watu wamlaumu Thakur, hata atawachochea, "mzee gani mwoga hivi!", ili shali ikidondoka aibu iwarudie wenyewe.

Gabbar naye, yaani Amjad Khan, anataka sauti ya kumfaa. Watu wake watatu wamerudi mikono mitupu. Anafyatua risasi tatu hewani, anabakiza tatu, anaizungusha bastola, anamwelekezea mmoja mmoja kichwani, hakuna inayolia. Anacheka, nao wanacheka, genge zima linaangua kicheko. Kisha anawaua wote watatu. Mtafsiri mchanga hapa hueleza kinachoonekana, kana kwamba watu ni vipofu. Fundi hucheka pamoja na Gabbar, na hukata kicheko pale pale Gabbar anapokikata.

Wapo wasemao kwamba mtafsiri huharibu: huongeza utani, hubadili majina, maficho ya Gabbar yakawa mapango ya Amboni, alikojificha mtoro Osale Otango kwa masimulizi ya watu wa Tanga. Ni kweli huongeza. Lakini Tanga haijawahi kupokea kitu cha nje bila kukitia mkono. Wanamuziki wa vikundi vya Black Star na Lucky Star waliingiza gita la besi na midundo ya dansi kwenye taarabu, na leo nani anawaita waharibifu? Uganda wamekwenda mbali zaidi: katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, picha ya Nabwana ambamo ndugu wa marehemu anamsaka muuaji, kelele za msimulizi, VJ Emmie, ni sehemu ya filamu yenyewe. Ninachokubali ni kwamba mtafsiri anayeufunika muziki wa Sholay, alioutunga R. D. Burman, kwa porojo anastahili kuzomewa. Na swali la haki za wenye filamu halijibiwi kwa sifa ninazomwaga hapa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha hizi hufundisha watu kujichukulia sheria mkononi. Sholay ilikutana nalo hukohuko kwao. Mwisho wa awali ulikuwa Thakur amuue Gabbar kwa miguu, viatu vikiwa na misumari. Wakaguzi wa India wakakataa, na katika picha iliyotoka mwaka 1975 polisi wanatokea na kumzuia. Wengi huuona mwisho huo kuwa baridi. Kwa mtafsiri ni mtihani, maana inambidi aisemee sheria mbele ya benchi zima linalotaka damu. Akimtia polisi anayemzuia Thakur sauti ya kinyonge, atashangiliwa na kila mtu. Akimpa sauti nzito, ya mtu aliyewahi kuwa mkubwa wake Thakur au mwenzake kazini, huenda akazomewa, lakini Thakur atakuwa na sababu ya kuuteremsha mguu.