Sifa ya Uangalizi wa Uani

Miongoni mwa kazi zisizo na ujira, naitukuza zaidi kazi ya mtu akaaye uani kwake Garsen, akaangalia siku baada ya siku upepo unakotoka, ndege aliyetua mwembeni na nyota iliyochomoza baada ya magharibi, kisha akayaandika yote daftarini kwa tarehe zake. Wengi hudhani kwamba maarifa haya ni milki ya wasafiri na wenye darubini. Mimi naitakidi kwamba ni milki ya mkaazi, kwa sababu mpita njia huona kilichopo tu, ilhali mkaazi huona hata kilichochelewa na kilichokosekana.

Hapa petu haja ya uangalizi huo ni kubwa. Mto Tana huchimbuka katika Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukasafiri takriban kilomita 1000 mpaka kuingia baharini karibu na Kipini. Basi maji yaliyonyesha bara huweza kuyafunika mashamba ya mpunga ya Wapokomo, na kuwahamisha Waorma na ng'ombe wao, katika siku ambazo mbingu ya Garsen haina hata wingu. Kwa ajili hiyo mwangalizi wa hapa hupima mara mbili. Hupima mvua yake kwa kopo lenye kuta zilizonyoka, lililowekwa peupe mbali na mchirizi wa paa, akatumbukiza rula asubuhi, akijua kwamba kila milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya shamba. Na hupima mvua ya watu wengine kwa kijiti chenye alama, alichokisimika ukingoni mwa mto. Tangu yalipojengwa mabwawa ya juu, Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, mto hautii tena majira peke yake, na hesabu ambayo wazee waliachiwa na baba zao imeingiliwa. Mafuriko ya 1997 na ya 2023 hukumbukwa na kila mtu. Ila ni nani akumbukaye maji yalikuwa yamepanda kiasi gani siku tatu kabla ya watu kuhama?

Starehe nayo ipo. Mtazame mnana dume akisuka: hung'ata ukingo wa jani la mkindu, akaruka nao, na mruko wenyewe ndio uchanao uzi mwembamba wa kijani, huupitisha kitanzini kwa mdomo huku mguu mmoja umeushika, akaning'inia mlangoni akipigapiga mbawa, mpaka jike aje, aingie, avute nyuzi, na pengine aondoke bila kuridhika. Asubuhi nzima yaweza kuisha hivyo, nami siihesabu kuwa imepotea.

Usiku una fadhila yake kwetu sisi tulio digrii mbili na kitu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini imezama kidogo chini ya upeo wetu. Lakini mwezi wa Mei, mawingu ya masika yakipasuka, mtu humwona Dubu Mkubwa upande mmoja, akageuka, akauona Msalaba wa Kusini, jambo ambalo mtu wa London hajaaliwi. Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hakika hutoweka magharibi karibu na mwanzo wa Mei, kikachomoza tena alfajiri za Juni.

Lakini mgeni nimpendaye kuliko wote ni ndege mdogo wa kahawia, aliyepewa na wataalamu jina la Basra, ambaye huzaliana katika vinamasi vya kusini mwa Iraki, akaja mwisho wa mwaka kujificha vichakani mwa delta yetu, iliyotiwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huja wakati wa kaskazi ile ile iliyoyaleta majahazi yenye tende kutoka Basra, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko. Katika miaka ya 1990 vinamasi vile vilikaushwa kwa amri ya serikali, naye akaingia katika hatari ya kutoweka. Baada ya 2003 maji yalirudishwa sehemu tu. Yeye aghalabu haonekani, husikika. Basi na iandikwe sauti yake siku atakapofika. Na siku asiposikika, iandikwe pia, kwa tarehe yake, kwamba hakusikika.