Jua la Lambwe huanzia Gwasi

Asubuhi ya kwanza niliikosa picha nikiwa nimesimama mahali ambapo vitabu vyote vya fani hii vingenituma nisimame. Ilikuwa katikati ya Januari, chini bondeni Lambwe, nchini Kenya, nje kidogo ya ua wa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Stendi nilikuwa nimeikita kwenye udongo mweusi, lenzi imeelekea mashariki. Kwa hesabu jua lingechomoza saa 12:48. Saa 12:48 ikafika, ikapita. Ukuta wa genge la Kanyamwa mbele yangu ulibaki mweusi tii, na anga juu yake ikazidi kupauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Jua lilipochungulia juu ya genge ilikuwa yapata saa 1:14, na lilitoka limeshakomaa, la kukunjisha uso.

Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka ng'ombe malishoni alisimama kunitazama, fimbo mabegani. Nilimwamkia, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja jua. Akashusha fimbo na kunyoosha nyuma yangu.

"Jua ya hapa huanzia Gwasi, kijana yangu."

Nikageuka. Vilele vya Gwasi, upande wa magharibi, vilikuwa vimeshawaka na kuzima, nami nimevipa mgongo muda wote huo.

Kauli ya mzee ina hesabu ndani yake. Mwanga ule wa rangi ya asali ambao wapigapicha wa mandhari huamkia usiku wa manane huwepo jua likiwa chini ya takriban digrii 6 kutoka upeo wa macho. Vitabu huuita saa ya dhahabu, na vingi vimeandikwa mbali na ikweta. London katikati ya Juni jua hupanda likiwa limelala upande, huchukua karibu dakika 50 kuzimaliza digrii hizo 6. Lambwe haifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta. Hapa jua hupanda wima kama mkwezi aliyezoea mnazi wake, takriban digrii 15 kwa saa. Digrii 6 zinakwisha kwa dakika 24 au 26. Saa ya dhahabu ya Lambwe si saa hata kwa nusu.

Sasa weka ukuta mbele ya jua hilo. Tuseme genge limeinuka mita 300 juu ya sakafu ya bonde, nawe uko kilomita 3 kutoka miguuni pake. Ukingo wake unaziba karibu digrii 6 za anga, yaani dakika zote ulizozifuata zimeliwa na mlima kabla hujaziona. Mwezi una maana pia. Januari jua huchomozea kusini kidogo mwa mashariki, upande uleule ambao Kanyamwa imelifunga bonde, ilhali Juni huhamia kaskazini, kuelekea vilima vya Ruri, na genge lenyewe hupata mwanga wa ubavuni unaochora kila korongo na kila kichaka. Na usiitumie saa ya Mombasa kupanga safari. Jua la Mombasa hutangulia la Lambwe kwa dakika 22 hivi. Wanaodhani ikweta haina mabadiliko ya macheo nao wakumbuke kwamba Lambwe jua hutoka mnamo saa 12:23 mwanzoni mwa Novemba, na mnamo saa 12:53 katikati ya Februari. Nusu saa ni nyingi kwa mtu mwenye dakika 24 tu.

Upande wa magharibi kuna ziwa, na Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ina tabia yake. Mchana upepo wa ziwani husukuma mawingu kuelekea nyanda za juu za Kisii na Kericho, na mvua ikaangukia huko alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutelemka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, na radi hupiga ziwani hadi karibu na alfajiri. Wavuvi wanaijua ratiba hii kuliko mtu yeyote. Kwa mpigapicha maana yake ni kwamba mabaki ya dhoruba ya usiku husimama nyuma ya Gwasi wakati wa macheo. Wingu lenye kilele cha kilomita 12 hupokea jua karibu robo saa kabla ya ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo mwanga wa Lambwe hutelemka ngazi kwa ngazi: wingu kwanza, kisha kilele cha Gwasi, kisha ubavu wake, na bonde mwisho kabisa. Picha iko magharibi, na mahali pa kuipigia ni juu ya genge lilelile lililoninyima jua.

Nilirudi Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia, na boda boda iliyonipandisha Kanyamwa kabla ya mapambazuko iliteleza mara mbili nikashuka kusukuma. Juu ya ukingo hakuna nyika. Kuna mahindi, mabati, mbuzi, kanisa. Ukitaka kulitazama pori la Lambwe kwa ukamilifu wake, sharti usimame katika shamba la mtu. Shamba lile lilikuwa la bibi mmoja aliyekuwa ameshaamka, anakoka moto.

"Dani," nilimwita, yaani bibi kwa Kiluo, "naomba kupiga picha ya bonde kutoka hapa kwako."

"Piga, nyakwara," akanijibu, yaani mjukuu wangu. "Lakini njugu zangu usizikanyage."

Hivyo miguu mitatu ya stendi ikapangwa kati ya matuta ya njugu, na pembe ya picha ikaamuliwa na njugu zaidi kuliko na mimi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa lenzi. Mazoea ya mandhari ni lenzi pana, milimita 24 au chini. Kutoka Kanyamwa lenzi hiyo ni maafa: anga linakuwa kubwa, njugu zinakuwa kubwa, na Gwasi inageuka mstari. Piga hesabu ya twiga. Twiga wa mita 5 aliye umbali wa kilomita 3, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha kawaida cha pikseli 6,000 kwa 4,000, anapata pikseli 7 hivi za kimo kwa lenzi ya milimita 24. Hiyo ni takataka kwenye kioo. Kwa lenzi ya milimita 85 anapata pikseli 24, na jicho linaanza kutambua shingo. Pori bila kipimo cha ukubwa halina ukubwa. Ni rangi ya kijani tu.

Lakini milimita 85 haitoshi upana wa bonde. Nikaisimamisha kamera wima na kupanga fremu tano, kila moja ikifunika nusu ya iliyotangulia, ili ziunganishwe baadaye ziwe picha moja. Hapo ndipo kasi ya kivuli inapomwadhibu mzembe. Kivuli cha genge hurudi kuelekea miguuni mwako jua linavyopanda. Kwa ukingo wa mita 300 na jua la digrii 6, mpaka kati ya giza na mwanga unakimbia mita 120 hivi kwa dakika, mwendo wa mtu anayekimbia pole pole. Jua likifika digrii 12, umepungua hadi mita 30. Ukichelewa dakika moja kati ya fremu ya kwanza na ya tano, mpaka huo hautaungana. Utakuwa na ngazi katikati ya bonde. Nilizipiga zote tano ndani ya sekunde 12, fokasi na mwangaza vikiwa vimefungwa kwa mkono, f/8, aiso 100, sekunde 1/30. Upepo wa ukingoni hutikisa stendi, hivyo niliitundikia mfuko wa mawe ya bibi, kwa ruhusa.

Mwangaza niliupima kwenye wingu. Tofauti kati ya wingu lililowaka na bonde lililo kivulini ilikuwa stopu 4, yaani mara 16. Kamera za leo hubeba tofauti hiyo bila jasho, na hiyo ndiyo hatari yake. Simu nayo ingelifungua bonde lote mpaka likawa angavu kama wingu, na kila aliyeliona angedhani ni saa nne asubuhi. Wakati wa kuhariri nililiinua bonde stopu moja na nusu, nikaacha. Giza lile ndilo linalompa mtazamaji habari kwamba amefika mapema.

Kuhusu utusitusi wa hewa unaofifisha vilima vya mbali, kuna kisa kinachorudiwa sana katika fani hii. Tarehe 10 Aprili 1927 Ansel Adams alisimama mbele ya Half Dome huko Yosemite, Marekani, akiwa amebakiwa na mabamba mawili tu ya kioo. La kwanza alilipiga kwa chujio la njano. La mwisho alilipiga kwa chujio jekundu kali, na anga likawa jeusi jinsi alivyoliona moyoni. Wengi wamechukua kisa hicho wakakifanya kanuni: penye utusitusi, weka nyekundu, au leo, punguza buluu kwenye kompyuta. Lambwe ya Januari haikubali. Chujio jekundu hukata utusitusi wa buluu, ule unaoletwa na hewa yenyewe. Moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la kiangazi ni chembe kubwa zaidi, hutawanya rangi bila kuzibagua sana kama hewa, na chujio jekundu halizikati vizuri. Huoshwa na mvua tu. Picha yangu ya Aprili haikuhitaji chujio lolote. Gwasi ilionekana mpaka mikunjo.

Nilipoichapa nikaipeleka kwa rafiki yangu anayehariri picha. Aliitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole chini kulia.

"Hii nukta ya buluu ni nini? Itoe."

Ilikuwa kitambaa cha mbung'o, kipande cha karibu mita moja, kimesimamishwa kilomita 1.2 hivi kutoka nilipokuwa. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya rangi hizo hutiwa sumu na kusimamishwa bondeni, na mitego ya aina ya NGU, iliyobuniwa Nguruman, huwekewa mkojo wa ng'ombe na asetoni kama chambo. Si mbali na hapo, Mbita, kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. (Ukija Lambwe na mfuko mweusi wa kamera na jinzi ya buluu, jua kwamba wewe mwenyewe ni mtego.)

Mdudu huyo hueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale ililipuka hapa. Ni yeye, kabla ya sheria yoyote, aliyelizuia jembe lisifike kwenye nyasi hizi, na ndiyo sababu 1966 palikuwa bado na kitu cha kutengwa kuwa hifadhi, iliyofanywa ya taifa 1983: kilomita za mraba 120, na ndani yake korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu nchini Kenya. Kwenye fremu zangu tano hayumo hata mmoja. Nimekagua kwa kukuza, pikseli kwa pikseli.

Kukitoa kitambaa ni kazi ya sekunde tatu kwenye programu. Bonde lingebaki safi, la kalenda, kana kwamba halikuwahi kulindwa na inzi. Kwenye chapa ya upana wa mita moja nukta hiyo ina milimita moja, sawa na punje ya wimbi. Nimeiacha, na fremu inayofuata nitaipiga Juni, Kanyamwa ikipata mwanga wa ubavuni, kama bibi atakuwa ameshavuna njugu.