Amina Iliyowahi

Mama alikuwa uani akichambua mchele. Ndani, mdogo wangu alikuwa amewasha kompyuta aliyoazimwa na rafiki yake, na spika mbili ndogo zikaanza kutoa sauti ya kwaya. Mkono wa Mama ukasimama juu ya ungo. "Nani anasali saa hizi?" akauliza. Nikamwambia si sala, Mama, ni mchezo wa kompyuta. Hakunijibu. Aliendelea kusikiliza. Kwa miaka mingi alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu Morogoro, na sikio lake halikupitwa na jambo. Wimbo ulipofika mahali fulani akatikisa kichwa: "Mbona amina imewahi?"

Wimbo wenyewe ni "Baba Yetu". Tangu siku ile nimeusikia mara zisizo na idadi, na swali la Mama ndilo lililonifundisha kuusikiliza.

Ulioutunga ni mkono wa Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Hong Kong, kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV uliotoka mwaka 2005. Msanifu mkuu wa mchezo huo, Soren Johnson, alikaa naye chumba kimoja walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na miaka ilipopita akamwomba wimbo wa kufungulia. Tin akachukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaitia muziki, akawapa Talisman, kundi la waimbaji wanafunzi wa chuo hichohicho. Ron Ragin aliongoza, wenzake wakamwitikia.

Kazi ya wimbo kama huu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Wimbo wa redioni hupita na kwenda zake. Wimbo wa filamu hungoja tukio lake, ukaisha nalo. Wimbo wa mlangoni mwa mchezo humpokea mchezaji kila anapofika, naye hufika mara nyingi, kwa kuwa Civilization ni mchezo unaokula masiku. Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na watu wachache wasio na mji. Atajenga, atalima, atapigana, atagundua maandishi, baadaye reli, baadaye vyombo vya kwenda angani. Akishindwa, anarudi mlangoni. Akishinda, anarudi mlangoni. Pale anaikuta dunia ikizunguka taratibu katika giza la anga, na kwaya ikimkaribisha upya. Mtunzi anayeandikia mahali hapo hana budi kujua kwamba kazi yake itasikika mara mia, na kwa wengine mara elfu. Utamu wa pipi hautamfaa, maana pipi hukinaisha. Anahitaji utamu wa wali: chakula ambacho mtu alikila jana, na leo bado ana hamu nacho.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wa kwanza wa Tin, na ulikuwa katika kuchagua maneno. Alichagua maneno yaliyokwisha kujaribiwa kwa kurudiwa. Kiswahili kimeibeba sala hiyo tangu karne ya 19, enzi za wamisionari kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Steere wa Zanzibar. Tangu hapo imesaliwa alfajiri na usiku, darasani na makaburini, na watoto wasiojua bado kusoma na wazee waliokwisha kusahau majina ya wajukuu wao. Kurudiwa kote huko hakukuichakaza. Kumeilainisha, kama mpini wa jembe unavyolainishwa na viganja vya wanaoushika. Mtu aliyetafuta maneno ya kusimama mlangoni pasipo kuchosha alipata maneno yenye mazoezi ya zaidi ya miaka mia.

Ustadi wa pili ni wa lugha yenyewe, na Tin alijua kuuachia nafasi. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu, kila moja safi na wazi. Kinywa cha mwimbaji hakifungwi katikati ya noti. Walimu wa kwaya wanajua taabu ya kushikilia neno linaloishia kwa konsonanti mbili tatu: sauti inakatika, na kila mmoja anaikata kwa wakati wake. Kwetu sisi noti ndefu inakaa juu ya a au juu ya u, na watu arobaini wanaweza kuishikilia kwa pamoja. Tena kuna upatanisho wa sarufi. Sema tu "kikombe changu kile kikubwa kimevunjika", utasikia ngoma ndogo ikipigwa ndani ya sentensi bila mtu kuitia. Sala imejaa milio ya namna hiyo, viambishi vikiitana na kuitikiana. Mwenye kuitungia muziki anapewa nusu ya mdundo bure. Busara yake ni kutoizima.

Sasa nirudi kwenye swali la Mama, kwa sababu alikuwa na haki. Wimbo haufuati sala neno kwa neno. Jina la Yesu limesogezwa karibu na mwanzo, mahali ambapo kanisani halisomwi, na amina, ambayo kila Mkristo amefundishwa kuwa ndiyo kufuli la mwisho, inaingia mapema ndani ya kiitikio. Nilidhani kwanza kwamba ni kosa la mgeni wa lugha. Kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoanza kuona sababu ya kimuziki. Kiitikio kinahitaji mahali pa kutua kila kinaporudi, na amina ni mahali pazuri pa kutua: silabi tatu, zote wazi, mkazo katikati, pumzi ikitoka yote mwishoni. Kama kwaya ingeisubiri hadi mwisho wa sala, ingeiimba mara moja tu. Hivi ilivyo, kila duru ya wimbo ina kufunga kwake, na kila kufunga kunafungua duru nyingine.

Na tukisema kweli, sisi wenyewe hatujawahi kuiacha amina ikae mwisho peke yake. Mhubiri akinoga, waumini hawangoji amalize. Amina inatoka benchi la nyuma, nyingine inaijibu kutoka kwa akina mama, na mahubiri yanapata nguvu ya kuendelea. Ndivyo amina ya wimbo huu inavyofanya kazi: ni ya mtu aliyeguswa kabla ya mwisho.

Watunzi wengine wa michezo wamepita njia tofauti. Katika NieR, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2010 uliotungiwa muziki na Keiichi Okabe na wenzake, mwimbaji Emi Evans aliandika maneno ya nyimbo kwa lugha za kubuni, akiwazia lugha za leo zitakavyosikika baada ya miaka mingi sana kupita. Nyimbo hizo zinaliza watu, na hakuna hata mmoja duniani anayeyaelewa maneno yake. Sababu yake ni nzito: maneno yanayoeleweka hushindana na mchezo. Huvuta akili ya mchezaji upande mmoja wakati macho na mikono yako upande mwingine. Lugha isiyojulikana humwachia sauti ya binadamu, na uchungu wake na furaha yake, bila kumdai maana.

Kwa wachezaji wengi wa Civilization IV, Kiswahili kilikuwa na kazi hiyohiyo: sauti nzuri ya mbali. Sisi hatukuwa na ngao hiyo. Maneno yalituingia yote. Basi wimbo huu ulipaswa kumtosheleza asiyeelewa hata neno moja, na pia mama mwenye ungo uani, anayeijua sala hiyo kuliko anavyojijua. Nyimbo zinazoweza kufanya yote mawili ni chache. Wa kwanza hapewi maana, na bado anatambua kwamba watu hawa wanaomba kitu wanachokihitaji kweli. Wa pili anapewa maneno aliyoyazoea mno hata alikuwa ameacha kuyasikia, na muziki unamrudishia.

Dunia nayo iliukiri ustadi huo. Tin aliurekodi upya kwa albamu yake Calling All Dawns ya mwaka 2009, safari hii pamoja na Soweto Gospel Choir. Albamu ina nyimbo 12 kwa lugha 12, na ya kwanza kabisa ni hii ya Kiswahili. Februari 2011 "Baba Yetu" ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Miongoni mwa mataifa ya kuchezwa katika mchezo ule ulipotoka walikuwamo Wamisri na watu wa Mali. Waswahili hawakuwamo. Lakini wote waliotaka kuingia, wawe wanakwenda kuongoza Roma au Uchina, walipokelewa kwanza kwa Kiswahili.

Kompyuta ile ilikaa kwetu wiki kadhaa kabla ya mwenyewe kuja kuichukua. Mama hakuwahi kuutazama mchezo wala kuuliza unachezwaje. Lakini jioni, mdogo wangu alipoiwasha, sauti ya pili ilikuwa inaingia kutoka uani, mahali pake hasa, kana kwamba kwaya ya Stanford ilikuwa imemwachia nafasi. Kiitikio kilipofika kwenye amina, mwanzoni alinyamaza, akawaacha wapite. Yake aliitoa mwisho, wimbo ulipokwisha. Kisha jioni moja kiitikio kikafika pale, nikamsikia akiiimba pamoja nao.