Ada ya Dampo na Chupa ya Plastiki: Nani Alipe?

Katika mijadala kuhusu usafi wa miji yetu iko hoja moja ambayo makada na wanafunzi wa siasa hawana budi kuichambua kabla ya kuikubali au kuikataa. Hoja yenyewe ni hii: kila apelekaye taka dampo atozwe ada kwa uzito wa taka zake, fedha hizo ziwekwe katika mfuko, na mfuko huo ugharamie urejelezaji, yaani kazi ya kukusanya, kuchambua na kutumia upya taka zinazofaa. Watetezi wake wanasema kwamba kutupa kukiwa ghali watu watatupa kidogo, na wale wanaookoa mali ndani ya taka watapata nyenzo za kazi. Hoja hii ina mantiki, na kwingine imetekelezwa. Kazi yetu hapa ni kuipima kwa hali halisi ya Musoma, Bunda na Butiama.

Tuanze na huko ilikotekelezwa. Uingereza ilianza kutoza kodi ya dampo tarehe 1 Oktoba 1996, kwa kiwango cha paundi 7 kwa kila tani ya taka za kawaida. Kufikia mwaka 2014 kiwango hicho kilikuwa paundi 80. Ayalandi ilianza mwaka 2002 kwa yuro 15 kwa tani, ikafikia yuro 75 mwaka 2013, na fedha zake zikaingizwa katika Mfuko wa Mazingira uliosaidia, pamoja na mambo mengine, vituo vya kupokea taka za kurejelezwa. Katika nchi hizo taka zinazofukiwa zimepungua sana. Lakini kada hasomi matokeo bila kusoma masharti yaliyoyazaa. Nyuma ya ada hiyo kuna dampo lenye uzio, lango, mizani ya magari na leseni. Kuna gari linalopita kila mtaa kwa siku inayojulikana. Na kuna mkaguzi mwenye uwezo wa kumfuata anayetupa taka porini usiku. Hata hivyo, pamoja na masharti yote hayo, utupaji wa magendo umekuwa tatizo hukohuko. Anayeichukua ada na kuyaacha masharti yake amechukua mpini bila jembe.

Sasa tutazame Mara. Musoma ni mji uliokaa juu ya rasi, maji ya Ziwa Victoria pande zake. Una masoko, una mwalo wa Mwigobero, na taka zake ni mchanganyiko wa maganda, mabaki ya samaki, nyavu chakavu na plastiki. Bunda ni mji wa barabarani, kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, jirani na hifadhi ya Serengeti. Abiria hununua maji dirishani mwa basi, na chupa tupu hubaki Bunda wakati mnunuzi amekwisha kufika Mwanza. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ni nchi ya wakulima na wafugaji; mabua na maganda huliwa na mifugo au hurudi shambani, na kinachobaki uani ni kile kilichotoka dukani. Hizi ni sehemu tatu zenye taka za namna tatu.

Kitu kimoja kinaziunganisha, nacho ni maji ya kunywa. Musoma hunywa maji ya ziwa. Bunda huvuta maji ya ziwa kutoka Nyabehu. Butiama imo katika mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, ambao nao huchota ziwa hilohilo. Taka isiyofika dampo huingia mtaroni. Mtaro humwaga mtoni. Na mto humwaga ziwani, mahali tunapochotea sote. Kwa hiyo kosa katika jambo hili halitaonekana katika vitabu vya mapato vya halmashauri peke yake. Litaonekana pia katika afya za watoto wetu.

Udhaifu wa kwanza wa hoja hii ni kipimo chake. Ada ya dampo hupima uzito, na uzito haupimi madhara. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ada ni shilingi 10,000 kwa tani. Lori la tani 5 za maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka sokoni litalipa shilingi 50,000, ingawa mzigo huo wote ungeweza kuwa mboji. Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita ina uzito wa gramu 20 hivi, kwa hiyo tani moja ni chupa 50,000. Kila chupa italipa senti 20, yaani sehemu ya tano ya shilingi moja. Ganda linalooza na kurutubisha udongo limetwishwa mzigo, na chupa itakayoelea ziwani miaka na miaka imepita karibu bure. Ada ya namna hii haiwezi kumshawishi mtu yeyote kuiokota chupa.

Udhaifu wa pili ni wa kitabaka, nao ndio mkubwa zaidi. Ni nani anayesimama langoni kulipa? Halmashauri au mkandarasi wake. Naye atazirudisha gharama hizo wapi? Zitateremka hadi mtaani, kwa kaya, kwa mama lishe, kwa muuza dagaa na kwa kijana mwenye genge la nyanya. Mwenye kiwanda aliyeamua kuuza kinywaji chake ndani ya chupa isiyorudi hayupo langoni. Amekwisha kuchukua faida yake, na gharama ya chombo chake amewaachia wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Lakini kanuni hiyo haitekelezeki mpaka tuseme wazi mchafuzi ni nani. Tukimwita mchafuzi yule wa mwisho kuishika chupa, tutakuwa tumeigeuza kanuni ya haki kuwa chombo cha unyonyaji.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona njia nyingine. Wananchi wanaijua chupa ya kioo ya soda. Mnunuzi hulipa amana, au huenda dukani na chupa tupu mkononi. Mwenye duka huzipanga katika kreti. Gari lililoleta soda huondoka na kreti tupu kurudi kiwandani. Chupa hiyo haikuonekana mtaroni, kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na bei. Urejelezaji huo uligharamiwa na biashara yenyewe, bila ada ya dampo. Plastiki ilipokuja, amana iliondoka, na mzigo ukahama kutoka kiwandani kwenda kwa halmashauri na ziwani. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa hesabu za faida. Hayakuletwa na tabia mbaya ya wananchi, kama wengine wanavyopenda kusema.

Tena Ayalandi yenyewe, baada ya kuwa na ada ya dampo kwa zaidi ya miaka 20, ilianzisha tarehe 1 Februari 2024 mpango wa amana kwa chupa za plastiki na makopo ya vinywaji: senti 15 za yuro kwa chombo kidogo na 25 kwa kikubwa. Ada ya langoni peke yake haikutosha hata kwa wale wenye mizani na wakaguzi. Jirani zetu Kenya nao, katika sheria yao ya taka ya mwaka 2022, wameweka wajibu wa mzalishaji juu ya bidhaa yake mpaka inapokuwa taka.

Upo upande wa pili ambao nao unahitaji kukosolewa. Wako wenzetu wanaosema fedha hazihitajiki kabisa, kwamba mwamko na kujitolea vinatosha. Wanakumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na usafi wa nchi nzima wa tarehe 9 Desemba 2015. Ni kweli kwamba kampeni hizo zilionyesha nguvu ya umma uliopangwa vizuri. Lakini kampeni ina siku yake, na taka huzaliwa kila siku. Azimio la Arusha lilitufundisha mwaka 1967 kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba msingi ni watu na kazi yao. Halikusema kazi isilipwe. Anayeokota chupa Bunda tangu alfajiri anaipunguzia halmashauri safari za lori na analilinda ziwa, naye hulipwa kwa kilo, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Kumwambia huyo habari za kujitolea ni kumdhihaki.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 inatupa somo jingine. Mfuko ule haukupimwa uzito dampo. Ulizuiwa kiwandani, mpakani na dukani, na vikapu na mifuko mbadala ikachukua nafasi yake. Baadhi ya wafanyabiashara walijaribu kukwepa kwa kugeuza vifungashio vyepesi kuwa mifuko, jambo linaloonyesha kwamba usimamizi hauna likizo. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa sahihi: tatizo lilikamatwa pale linapozaliwa.

Basi hatuikatai ada ya dampo. Tunakataa kuianza kabla ya mengine. Kwanza, taka za masoko zichambuliwe palepale sokoni, ili zinazooza ziwe mboji ya mashamba na mzigo wa lori upungue. Pili, amana irudishwe kwa sheria ya nchi juu ya chupa za plastiki, kwa kuwa halmashauri moja haiwezi kumbana mwenye kiwanda aliye mkoa mwingine. Amana ya shilingi 50 kwa chupa, kwa mfano, ingeifanya ile tani ya chupa 50,000 kuwa na thamani ya shilingi 2,500,000 mikononi mwa wanaoikusanya. Tatu, likiwapo dampo lenye lango na mizani, ada itozwe wazalishaji wakubwa wa taka, kama viwanda na hoteli, na kaya ya kawaida isiguswe. Fedha hizo zikae katika akaunti yake peke yake, na hesabu zisomwe katika mikutano ya mitaa na vijiji. Waokotaji wajiunge katika ushirika, nao wawe wa kwanza kufaidika na mfuko huo.

Kada atakayeletewa pendekezo la ada ya taka katika kata yake aulize maswali matatu: ada hii inapima nini, inamwangukia nani mwishoni, na fedha zake zinamlipa nani? Asipojibiwa yote matatu, asiipitishe. Aende kwanza sokoni na mwaloni, akawasikilize wanaozishika taka hizo kwa mikono yao.