Mapenzi ya Ndoa katika Macbeth: Usomaji wa Mwanafunzi Mtu Mzima

Katika ufundishaji wa tanzia za Shakespeare, mapenzi hutafutwa kwa Romeo na Juliet, ilhali Macbeth, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth mwaka 1968, huachiwa dhamira ya uroho wa madaraka. Mgawanyo huo unamfaa kijana wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani. Mwanafunzi mtu mzima, ambaye pengine amekaa katika ndoa miaka ishirini, haumtoshi.

Msomaji wa namna hiyo hutambua mapema kwamba Macbeth, baada ya kusikia utabiri, alimwandikia mkewe barua kabla hajafika nyumbani. Mapenzi yao yamo katika kushirikishana siri. Hata mauaji ya Mfalme Duncan, pamoja na uovu wake wote, yalipangwa na wawili. Ufa unaonekana katika sehemu ya tatu, onyesho la pili. Mume amekwisha kuwaagiza wauaji wa Banquo. Mke anauliza, naye anamwita kwa jina la kubembeleza na kumficha jambo lenyewe. Neno tamu linatolewa badala ya ukweli, na mhakiki anayeliita hilo upendo huenda hajawahi kujibiwa hivyo. Baada ya karamu ya onyesho la nne, wawili hao hawaonekani tena pamoja jukwaani. Katika sehemu ya tano mke anatembea usingizini, akizungumza na mume asiyekuwapo, huku tabibu na mtumishi wa kike wakisikiliza.

Mtaala wa elimu ya watu wazima unaouliza tu kilichomwangusha Macbeth unaliruka onyesho hilo la pili. Darasa la watu wazima lingeanzia hapo hapo, kwa kuuliza kwa nini hakumwambia mkewe.